Je, Wajua? London: Jiji la Maonyesho na Maneno

Je, wajua kwamba London unaweza kushinda kutwa nzima ukitazama sanaa ya kisasa bila kutoa hata peni moja? Tangu Desemba 2001 makumbusho makuu ya taifa hayatozi kiingilio kwa kazi zao za kudumu. Tate Modern, Tate Britain, V&A: unakaguliwa mkoba, unaingia. Tiketi ni ya maonyesho maalumu tu, na hayo ndiyo yanayotangazwa kwa mabango makubwa kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi. Ndiyo maana wageni wengi hudhani jumba zima ni la kulipia, wakaishia kupiga picha nje.

Je, wajua Tate Modern ilikuwa mtambo wa umeme? Jengo la Bankside, ng'ambo ya mto Thames ukitokea kanisa kuu la St Paul's, lilifua umeme hadi 1981. Mbunifu wake, Giles Gilbert Scott, ndiye huyohuyo aliyebuni kile kibanda chekundu cha simu ambacho kila mtalii lazima asimame nacho. Lilipofunguliwa kuwa jumba la sanaa Mei 2000, wenyewe walitarajia watu milioni 2 kwa mwaka. Walikuja zaidi ya milioni 5.

Palipokuwa pamesimama mitambo ndani ya jengo hilo pakaachwa patupu: ukumbi wa urefu wa zaidi ya mita 150 na kimo cha mita 35. Unaitwa Turbine Hall, na hapo ndipo mtu asiyejua chochote kuhusu sanaa anapaswa kuanzia, kwa sababu hapo hakuna cha kujua kwanza. Mwaka 2003 Olafur Eliasson alitundika humo jua la mamia ya taa za manjano na kufunika dari kwa vioo; watu walilala chali sakafuni kama wako ufukweni, wakijipungia mikono wenyewe. Mwaka 2006 Carsten Höller aliweka mateleza, na watu wazima na tai zao wakateleza. Mwaka 2007 Doris Salcedo wa Colombia alipasua sakafu. Ufa wake ulikuwa wa mita 167, mrefu kuliko ukumbi wenyewe kwa kuwa ulikwenda ukijipinda, na alisema unahusu ubaguzi na mipaka kati ya watu. Ufa ulizibwa maonyesho yalipokwisha, lakini kovu bado lipo. Ukipita, tazama chini.

Na mbegu? Mwaka 2010 Ai Weiwei wa China alimwaga humohumo mbegu milioni 100 za alizeti, zote za kauri, kila moja imefinyangwa na kupakwa rangi kwa mkono na mafundi wa mji wa Jingdezhen. Siku za mwanzo watu walitembea juu yake, wakakaa, wengine wakajaza viganja. Kisha uongozi ukapiga marufuku: vumbi la kauri lingedhuru mapafu. Waliokuja baadaye waliziangalia kwa mbali nyuma ya kamba. Wahakiki walioandika wiki ya kwanza na waliosoma tahakiki zao wakaja wiki ya tatu hawakuona maonyesho yaleyale. Tazama tarehe ya tahakiki kabla ya kuiamini.

Ukumbi huohuo, Oktoba 2023, El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nigeria, alitundika mapazia makubwa mithili ya tanga la jahazi yaliyosukwa kwa vifuniko vya chupa za pombe kwa maelfu na maelfu. Pombe, meli, biashara ya watumwa: historia nzima katika taka za baa.

Je, wajua wastani wa muda ambao mtu hutumia mbele ya kazi moja ya sanaa? Utafiti uliofanywa kwenye jumba la Metropolitan la New York na kuchapishwa 2001 ulipata sekunde 27. Humo umo na muda wa kusoma kibandiko cha ukutani.

Mhakiki anayefuata mwendo huo angepata taabu na The Clock ya Christian Marclay, iliyoonyeshwa mara ya kwanza London mwaka 2010 katika jumba la White Cube. Ni filamu ya saa 24, imeunganishwa kwa vipande vya maelfu ya filamu za watu wengine, na karibu kila kipande kina saa ya ukutani, ya mkononi au mtu anayetaja wakati. Wakati wa kwenye pazia ndio wakati wako halisi: ukiingia saa nne na robo asubuhi, ndani nako ni saa nne na robo. Ili kuiona yote lazima jumba lifunguliwe usiku kucha, na Tate Modern ilifanya hivyo ilipoileta 2018. Wengi walioisifu magazetini waliona sehemu tu, nao walisema hivyo waziwazi. Ni uungwana ambao wahakiki wengi wa filamu za video wangepaswa kuuiga.

Je, wajua kuna tahakiki iliyofikishwa mahakamani? Mwaka 1877 John Ruskin, mhakiki aliyeogopwa kuliko wote Uingereza, aliandika kwamba mchoraji James Whistler anadai gini 200 kwa kumtupia mtazamaji rangi usoni. Mchoro wenyewe ulionyesha fataki usiku juu ya Thames. Whistler alimshitaki na kudai pauni 1,000, na kesi ikasikilizwa mwaka uliofuata. Wakili akamuuliza: kazi hii ilikuchukua muda gani? Siku mbili. Na kwa siku mbili unataka gini 200? Akajibu kwamba analipisha ujuzi wa maisha yake yote. Alishinda kesi. Fidia aliyopewa ilikuwa farthing moja, yaani robo ya peni, na gharama za kesi zikamfilisi mwaka 1879. Jibu lake bado linatumiwa na mafundi cherehani, wapiga picha na wachora mabango kila mteja anapolalamikia bei.

Tuzo ya Turner, iliyoanzishwa 1984, ndiyo inayowagombanisha Waingereza kila mwaka kuhusu sanaa ya kisasa. Mwaka 1993 ilishuhudia siku ya ajabu kuliko zote. Rachel Whiteread alikuwa amejaza zege ndani ya nyumba ya kawaida huko Bow, mashariki mwa London, kisha kuta za nje zikabomolewa, ikabaki hewa ya vyumba iliyogeuka jiwe: meko zimetokeza nje, milango imeganda. Tarehe 23 Novemba alishinda tuzo, pauni 20,000. Siku hiyohiyo madiwani wa mtaa waliamua nyumba ibomolewe. Na usiku huohuo kikundi kimoja cha wanamuziki kilimpa tuzo ya msanii mbaya kuliko wote wa mwaka: pauni 40,000, maradufu ya tuzo ya msanii bora. Alizigawa kwa wasanii wenzake na kwa shirika la kusaidia wasio na makazi. Januari 1994 greda likafanya kazi yake. Leo pale ni nyasi.

Chris Ofili, mtu mweusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo, 1998, alitumia mavi ya tembo katika michoro yake. Mzee mmoja aliyechukia alikwenda kumwaga samadi ya ng'ombe kwenye ngazi za Tate. Kama hiyo ilikuwa tahakiki, ilikuwa fupi na ilieleweka.

Kitanda cha Tracey Emin, na mashuka yake machafu, chupa tupu na vipisi vya sigara, kilipata umaarufu wote mwaka 1999. Tuzo hakikupata. Ilikwenda kwa Steve McQueen, ambaye baadaye filamu yake, 12 Years a Slave, ilipata Oscar ya filamu bora. Kitanda kiliuzwa mwaka 2014 kwa zaidi ya pauni milioni 2.5.

Na chumba kitupu? Mwaka 2001 Martin Creed alishinda kwa chumba ambacho taa zake huwaka na kuzimika kila baada ya sekunde tano. Hakuna kingine. Msomaji wa Dar es Salaam atasema hiyo tumeiona nyumbani, tena bila tuzo. Lakini kaa humo dakika kumi. Utaanza kuona watu wengine: nani anacheka, nani anakasirika, nani anatafuta swichi.

Mwaka 2004 mfanyakazi wa usafi wa Tate Britain alichukua mfuko wa plastiki uliojaa karatasi na makasha, akautupa. Ulikuwa sehemu ya kazi ya Gustav Metzger kuhusu sanaa inayojiharibu yenyewe. Msanii aliandaa mfuko mwingine. Sijawahi kumwona mhakiki aliyeielewa kazi hiyo vizuri kuliko huyo msafishaji.

Matofali 120 yaliyopangwa chini kwa tabaka mbili, kazi ya Mmarekani Carl Andre, yalinunuliwa na Tate mwaka 1972 bila mtu kugutuka. Kelele zilianza 1976, baada ya gazeti kuandika. Magazeti yalichora vikatuni vya waashi kwa wiki nyingi, na mtu mmoja akaja kuyamwagia rangi ya bluu.

Sasa tuje kwetu.

Je, wajua kwamba Mzanzibari ameshinda Tuzo ya Turner? Lubaina Himid alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake alifariki Lubaina akiwa kichanga, na mama yake Mwingereza akarudi naye Uingereza mtoto akiwa na miezi minne. Kwa miaka mingi tuzo ilikuwa na sharti: lazima uwe chini ya miaka 50. Mwaka 2017 sharti liliondolewa, na mwaka huohuo Himid akashinda akiwa na miaka 63, mwanamke mweusi wa kwanza na mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomtangulia. Kazi yake Naming the Money ya 2004 ina watu 100 waliokatwa kwa mbao na kupakwa rangi, watumwa wa nyumba za matajiri wa Ulaya: wapiga ngoma, wafinyanzi, wafunzaji wa mbwa. Kila mmoja ana jina alilopewa na bwana wake na jina lake la kwao. Ukipita katikati yao unahisi wewe ndiye unayetazamwa. Amefanya pia kazi zinazofuata kanga, zenye pindo, mji na jina. Mhakiki wa Kiingereza huandika kwamba maandishi hayo yana fumbo. Mtazamaji aliyelelewa Unguja haulizi kwa nini kitambaa kinasema. Anauliza kinamsema nani. Himid aliteuliwa kuiwakilisha Uingereza kwenye maonyesho ya Venice ya 2026.

Michael Armitage alizaliwa Nairobi 1984, akasomea uchoraji London. Hachori kwenye turubai. Anachora kwenye lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho Waganda wamekigonga kwa nyundo za mti kwa karne nyingi na kukitumia hata kuwazikia wafu wao. Alikikuta sokoni Nairobi, kinauzwa kwa watalii. Lubugo ina matundu na mishono, na Armitage haizibi. Anaacha tundu litokee kwenye shavu la mtu au katikati ya mbingu. Picha hizo kwenye simu hazionyeshi hilo hata kidogo, na ndiyo sababu moja inayotosha ya kwenda kuona kwa macho.

Mwaka 2021 Royal Academy ya London ilimpa Armitage maonyesho makubwa, naye akawapa nafasi waliomtangulia: Meek Gichugu, Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Asaph Ng'ethe Macua, Elimo Njau na Sane Wadu. Wengi wa wahakiki wa London walikuwa wakiyasikia majina hayo kwa mara ya kwanza. Elimo Njau, mzaliwa wa Kilimanjaro, alikuwa ameanzisha kituo cha Paa ya Paa Nairobi tangu 1965! Kundi kama hilo la wachoraji wa Afrika Mashariki lilionyeshwa pia Munich kwa jina la Mwili, Akili na Roho, kisha likaja Nairobi katika NCAI, taasisi ya sanaa ya kisasa aliyoianzisha Armitage mwenyewe. Lilizunguka Ulaya kwanza ndipo likafika nyumbani. Hilo si la kujivunia.

Mtoto mwingine wa Kilimanjaro, Everlyn Nicodemus, alionyesha kazi zake Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam mwaka 1980. Alijichora mwenyewe akiwa Sweden mwaka 1982: nyuso kadhaa zimeingiliana, mke, mama, msanii, mgeni. Miaka 40 baadaye National Portrait Gallery ya London iliinunua picha hiyo, na ikawa ya kwanza ya rangi katika hazina yake ambayo mwanamke mweusi amejichora mwenyewe. Jumba hilo lilianzishwa 1856.

Mfinyanzi Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, vyungu vyake viko British Museum. Hatumii gurudumu la mfinyanzi. Huvuta udongo kwa mkono, huung'arisha kwa jiwe, na rangi nyeusi hutoka kwenye moshi wa tanuri. Ni ufundi ambao bibi yeyote mfinyanzi wa Nyanza angeutambua.

Uwanja wa Trafalgar una nguzo nne za sanamu. Tatu zina wakubwa wa Kiingereza. Ya nne ilijengwa 1841 kwa ajili ya mfalme juu ya farasi, pesa zikaisha, ikakaa tupu zaidi ya miaka 150. Tangu 1999 inabeba kazi za wasanii wa sasa kwa zamu. Mwaka 2009 Antony Gormley aliwapandisha watu 2,400 wa kawaida, kila mmoja saa moja, usiku na mchana kwa siku 100. Na Septemba 2022 Samson Kambalu wa Malawi alimsimamisha hapo mchungaji John Chilembwe, amevaa kofia yake. Katika Nyasaland ya 1914, yaani Malawi ya leo, Mwafrika hakuruhusiwa kuvaa kofia mbele ya mzungu. Kambalu alimfanya Chilembwe jitu na mmisionari mzungu aliyesimama pembeni yake akabaki kimo cha kawaida. Chilembwe alipinga watu wake kupelekwa kufa katika vita vya Waingereza na Wajerumani, vilivyokuwa vimefika mpakani na nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Aliasi, akauawa 1915. Mtu wa Afrika Mashariki aliyepita chini ya sanamu ile hakuhitaji maelezo marefu.

Je, wajua kiingilio kiliwahi kuwa viatu? Januari 1939 mchoro wa Picasso, Guernica, ulitundikwa Whitechapel Gallery, mtaa wa maskini wa mashariki. Mgeni aliombwa alete jozi ya buti zinazofaa kuvaliwa na wapiganaji wa Jamhuri huko Hispania, na buti zikapangwa chini ya picha.

Royal Academy hufanya maonyesho ya kiangazi kila mwaka bila kukosa tangu 1769, na mtu yeyote anaweza kulipa ada na kuleta kazi yake. Mwaka 2018 Banksy, mchoraji wa kuta za mitaani anayeficha utambulisho wake, alituma picha kwa jina la Bryan S Gaakman. Ikakataliwa. Baadaye msimamizi wa maonyesho, bila kujua, akamwomba Banksy alete kazi. Akaleta ileile, kaifanyia marekebisho kidogo, ikapokelewa kwa mikono miwili. Oktoba mwaka huo picha yake nyingine ilijikatakata mnadani mara tu baada ya kuuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 1. Miaka mitatu baadaye picha hiyo iliyokatwakatwa iliuzwa kwa zaidi ya pauni milioni 18.

Roshani ya ghorofa ya juu ya Tate Modern iliwapa wageni mandhari ya jiji na, bila kukusudia, sebule za majirani. Wenye maghorofa ya vioo ya upande wa pili walishitaki. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji 3 dhidi ya 2 kwamba wana haki ya kutochunguliwa.

Kuhusu wanaolipwa kutazama: waandishi huingia kabla ya umma, asubuhi, kukiwa kumetulia. Usiku wa ufunguzi ni kwa ajili ya mvinyo na kujuana. Ukitaka kuona migongo ya watu, nenda usiku huo. Kisha magazeti huweka nyota, moja hadi tano. Nyota tatu ndizo hazisomwi. John Berger, aliyehakiki sanaa London kwa miaka mingi kabla ya kipindi chake cha televisheni cha 1972, alishinda tuzo ya riwaya ya Booker mwaka huohuo na kutangaza nusu ya fedha ataipa Black Panthers, kundi la wanaharakati weusi.

Ukitaka kuandika tahakiki yako, chukua penseli, maana majumba mengi hayapendi kalamu ya wino karibu na kazi. Begi la mgongoni livae kifuani. Pita mara ya kwanza bila kusoma kibandiko chochote, kisha rudi usome. Andika kwanza kilichopo: ukubwa, mali iliyotumika, mwanga, mahali ulipolazimika kusimama. Tahakiki nyingi mbaya nilizosoma, za Kiswahili na za Kiingereza, humaliza aya tatu za falsafa kabla msomaji hajajua kama ni picha au sanamu. Na usisahau tarehe ya kufungwa na bei ya tiketi; msomaji ana nauli yake ya kufikiria.

Majumba ya wafanyabiashara wa sanaa katika mtaa wa Mayfair, mengine yenye kengele mlangoni na kijana asiyeinua macho mezani, ni bure kwa yeyote. Bonyeza kengele. Omba karatasi ya bei. Nukta nyekundu maana yake imeuzwa. Oktoba kuna soko la sanaa la Frieze katika Regent's Park, lililoanza 2003, na la 1-54 katika Somerset House, lililoanzishwa 2013 na Touria El Glaoui wa Morocco kwa ajili ya sanaa ya Afrika. 54 ni idadi ya nchi za bara letu. Yote mawili ni ya tiketi, na Frieze ni ghali. Mengi ya majumba ya Mayfair hufungwa Jumapili na Jumatatu, kwa hiyo mwenye siku moja tu aichague Jumamosi.